Mgonjwa Ameumwa Tangu Lini?

Kwa daktari wa Goma anayeshuku kwamba kifua kikuu kimepanda hadi kwenye ubongo, kipimo cha kwanza ni swali, na hakilipiwi. Mgonjwa ameumwa tangu lini? Sindano haijagusa mgongo, hadubini bado imefunikwa, na tayari jibu la swali hilo limeanza kutenganisha magonjwa mawili yanayofanana sura. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wengine huja kwa kishindo: jana mtu alikuwa soko la Virunga akiuza, leo hajitambui. Hiyo ndiyo menenjite wanayoijua wengi Kongo, ile iliyoitikisa Banalia mwaka 2021. Ya kifua kikuu hunyemelea. Kichwa kinauma kidogo, homa inapanda jioni na kushuka alfajiri, chakula hakipandi, mtoto aliyekuwa mchangamfu anataka kulala mchana kutwa. Wiki nzima inapita watu wakisema ni malaria.

Mwaka 2002 Guy Thwaites na wenzake, waliokuwa wakitibu wagonjwa Ho Chi Minh City nchini Vietnam, walilinganisha watu wazima 251 wenye aina hizo mbili za ugonjwa, wakatafuta ni mambo gani yanayozitofautisha. Walibaki na matano: umri, chembe nyeupe za damu, chembe nyeupe katika maji ya uti wa mgongo, aina ya chembe hizo, na siku ambazo mgonjwa ameumwa kabla ya kufika hospitali. Kila jambo likapewa alama. Lililopata alama nyingi kupita yote ni siku. Aliyeumwa siku 6 au zaidi anaelekea sana upande wa kifua kikuu. Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi na bado inanistaajabisha, kwamba katika ugonjwa unaowasumbua mabingwa wa dunia nzima, jambo lenye uzito kuliko yote linapatikana kwa kuketi na kuuliza.

Kuuliza kwenyewe ndiko kwenye kazi. Ugonjwa haukumbukwi kwa kalenda, na mzazi aliyekesha na mtoto hujibu kwa siku iliyomtisha zaidi, siyo siku ulipoanza. Mazungumzo huenda hivi:

"Mama, alianza kuumwa lini?"

"Dokta, ni juzi tu."

"Na Jumamosi, siku ya salongo, alikuwa anacheza na wenzake?"

"Hapana. Ile siku alilala tu. Kichwa ilikuwa inamuluma."

"Jumapili ya mbele ya ile salongo, alienda kanisa?"

Mama ananyamaza, anahesabu kimoyomoyo. "Hata ile Jumapili hakuenda."

Juzi imegeuka siku zaidi ya 10. Daktari asiyejua mji huu angeandika siku 2 kwenye faili, na kila kilichofuata kingepotoka. Anayeujua huuliza kwa alama za maisha ya watu: salongo (kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa), misa, siku ya soko, siku ya kulipa karo, usiku risasi zilipolia. Tena haulizi homa ilianza lini. Anauliza ni lini mara ya mwisho walimwona akiwa mzima kabisa. Hapo hesabu hurudi nyuma yenyewe.

Kazi hii ina ukoo mrefu. Robert Whytt, daktari wa Edinburgh, aliandika kitabu juu ya maji ya kichwani kwa watoto kilichotoka mwaka 1768, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Hakuwa na maabara. Alikuwa na kidole kwenye mkono wa mtoto na subira ya kurudi kila siku. Aliugawa ugonjwa katika vipindi vitatu kwa mapigo ya mshipa: kwanza mapigo ya haraka, kisha ya polepole na yasiyo sawa, mwishoni ya haraka tena na dhaifu. Miaka 114 ingepita kabla ya Robert Koch kutangaza, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Whytt alikuwa ameshaandika mwendo wa ugonjwa, na mwendo huo haujabadilika hadi leo.

Mbona unakwenda polepole? Arnold Rich wa Johns Hopkins na mwenzake Howard McCordock walilijibu hilo mwaka 1933. Bakteria hutoka mapafuni kwa njia ya damu na kuacha kivimbe kidogo ndani ya ubongo au kwenye utando wake. Kivimbe hicho kinaweza kukaa kimya miezi, hata miaka. Siku kikipasuka, bakteria humwagika kwenye maji yanayouzunguka ubongo, na mwili hujibu kwa uchafu mzito unaoganda chini ya ubongo, kwenye kitako chake. Mahali hapo ni njia panda. Mishipa ya fahamu inayoongoza macho inapita hapo, ateri zinazolisha sehemu za ndani ya ubongo zinapita hapo, na maji ya ubongo yanatoka hapo kwenda kunyonywa na damu. Ukishaijua njia panda hiyo, dalili zote zinajieleza: jicho lililopinda, mkono na mguu uliopooza upande mmoja kama wa mwenye kiharusi, maji yanayokosa pa kutokea na kuanza kuusukuma ubongo kutoka ndani.

Kwa hiyo daktari anatazama macho. Anasimamisha kidole mbele ya uso wa mgonjwa na kukipeleka taratibu kulia, kisha kushoto. Macho yote mawili yanapaswa kukifuata hadi pembeni. Akiona jicho moja limefika katikati na kukataa kwenda nje, ameupata mshipa wa sita wa fahamu ukiwa umeumia. Mtu mzima humwambia mwenyewe kwamba anaona vidole viwili. Mtoto mdogo hawezi kusema, ila ataanza kugeuza kichwa chote badala ya jicho, au atafumba moja ili picha ziache kugongana. Ni jambo la sekunde chache, na rahisi kulipita ukiwa na wagonjwa 40 wanaosubiri.

Halafu anapima fahamu. Kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974, kina alama 15 kwa aliye macho kabisa na 3 kwa asiyeitikia lolote: macho yanafunguka vipi, anajibu nini, viungo vinasogea namna gani. Kwenye karatasi kinaonekana kuwa sawa duniani kote. Wodini Goma alama za kujibu zinategemea lugha. Bibi kutoka Masisi anayejibu kwa Kihunde au Kinyarwanda anaweza kuandikwa "amechanganyikiwa" na kijana aliyemuuliza kwa Kifaransa. Muuguzi anayesikia Kinande, Kishi na Kiswahili cha mji anajua kutofautisha kati ya aliyekosa neno na aliyepoteza akili. Tena anajua kumuuliza ndugu aliye kando ya kitanda: hivi ndivyo anavyoongea siku zote? Jibu la ndugu huyo linaweza kuonyesha kuteleza kwa fahamu siku moja kabla kipimo hakijaonyesha. Na siku moja hapa ni mali, kwa sababu tangu miaka ya 1940 ugonjwa huu hugawanywa katika ngazi tatu, na kila ngazi anayoshuka mgonjwa kabla ya dawa humpunguzia nafasi ya kupona.

Njiani kuja hospitali siku nyingi zimeshaliwa. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, lakini malaria ipo, na kipimo chake kikionyesha chanya kila mtu hupumua: jibu limepatikana. Mgonjwa anapewa dawa ya malaria, kisha ya tifoidi, kisha anapelekwa kwenye chumba cha maombi, kisha kwa mganga wa miti shamba, kisha duka la dawa la Birere. Siwalaumu wanaopita njia hiyo. Kichwa na homa ni dalili za kila kitu, na pesa ya usafiri hadi hospitali kubwa haiokotwi. Ninachokiheshimu ni macho ya yule muuguzi wa kituo kidogo cha Karisimbi au Nyiragongo ambaye, mtoto akirudi mara ya pili na malaria "iliyokataa kupona", haongezi chupa nyingine ya dawa. Anaweka mkono chini ya kisogo na kukiinua kichwa. Shingo ikigoma kujikunja, anaandika barua ya rufaa papo hapo.

Sasa sindano. Familia nyingi huiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Inasemekana anayevutwa maji ya mgongo hufa au hupooza, na maneno hayo yana chanzo chake: wengi walioletwa kuvutwa maji waliletwa wakiwa wamechelewa, wakafa, na sindano ikabeba lawama. Muuguzi mzuri habishani. Anaeleza kwamba maji yenyewe mwili unayatengeneza usiku na mchana, karibu nusu lita kila siku kwa mtu mzima, na kwamba kiasi watakachochukua kitajazwa tena ndani ya nusu saa. Anaonyesha kwa kidole mahali sindano itakapoingia, chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, ili baba aone kwamba haiugusi. Mara nyingi baba hukubali akishaona kidole.

Mgonjwa analazwa ubavu, magoti yakunjwe hadi tumboni, kidevu kishuke kifuani. Anayemshika ana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mgongo usipojikunja vizuri mifupa haiachani. Daktari anapapasa ncha za nyonga, anavuta mstari wa kufikirika kati yake, anapata nafasi ya mfupa wa tatu na wa nne wa kiuno. Anasafisha, anachoma ganzi, anaingiza sindano ndefu yenye waya ndani, akiielekeza kidogo kwenye kitovu. Inapita ngozi, inapita kano, kisha mkono unasikia kitu kikiachia. Anachomoa waya na kungoja. Tone la kwanza linajitokeza kwenye mdomo wa sindano, linaning'inia, linaanguka ndani ya chupa.

Hapo ndipo ustadi unapokuwa subira tupu. Matone 20 hivi hufanya mililita moja. Kwa vipimo vya kawaida mililita 2 zinatosha, na mtu mwenye haraka angechomoa. Lakini bakteria wa kifua kikuu ni wachache mno ndani ya maji haya. Wanaofanya kazi hii kwa makini hutaka angalau mililita 6 kwa mtu mzima, na 10 ni bora. Hayo ni matone 120 hadi 200, yanayoanguka moja moja, mgonjwa akiwa amejikunja na mshikaji akiwa ameinama, hakuna anayesogea. Walter Essex Wynter wa London na Heinrich Quincke wa Kiel, waliokuwa wa kwanza kuandika juu ya kuvuta maji hayo, mwaka 1891, walikuwa wakitafuta kupunguza shinikizo la kichwa. Wagonjwa wanne wa Wynter walikuwa na kifua kikuu cha ubongo na wote walifariki. Njia waliyoifungua ndiyo hii hii ya leo.

Maji yenye usaha wa bakteria wa kawaida yana ukungu. Ya kifua kikuu hutoka karibu meupe kabisa, na weupe huo umewadanganya wengi. Ukiiacha chupa imesimama wima bila kuitikisa kwa saa kadhaa, wakati mwingine katikati yake hujitokeza utando mwembamba kama wa buibui, unaoning'inia kutoka juu kwenda chini. Laborantini mzoefu huuinua utando huo kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote, maana bakteria hupenda kunaswa humo. Kisha anapima. Sukari imeshuka, chini ya nusu ya sukari ya damu iliyochukuliwa saa ile ile; ndiyo maana daktari makini huchoma kidole cha mgonjwa dakika ile ile ya kuvuta maji, vinginevyo namba haina mwenza. Protini imepanda. Chembe nyeupe ni mamia, nyingi zikiwa limfosaiti, ingawa siku za mwanzo hesabu inaweza kugeuka na kumpotosha asiyejua. Anatafuta pia fangasi wa kriptokokasi, mpinzani mkubwa kwa wenye virusi vya Ukimwi, ambaye hunyemelea kwa mwendo unaokaribiana na huu.

Na baada ya hapo anaketi kwenye hadubini. Maji yamezungushwa kwa mashine hadi mashapo yametua chini. Tone la mashapo limewekwa kwenye kioo, likakauka, likaongezwa jingine juu yake mahali pale pale, likakauka tena. Kioo kimemwagiwa rangi nyekundu na kupashwa moto hadi kutoa mvuke, kikaoshwa kwa asidi, kikatiwa rangi ya samawati. Kila kitu kimekubali kuoshwa isipokuwa bakteria wa kifua kikuu, anayeng'ang'ania wekundu wake. Unatafuta kijiti kimoja chekundu kwenye uwanja wa samawati. Mwaka 1979 madaktari Kennedy na Fallon wa Glasgow walieleza kwamba sampuli ya kwanza iliwaonyesha bakteria kwa asilimia 37 tu ya wagonjwa wao, lakini kwa kurudia kuvuta na kutazama hadi mara nne walifika asilimia 87. Mwaka 2004 Thwaites na wenzake Vietnam walimwona bakteria kwa hadubini katika asilimia 58 ya watu wazima 132. Siri yao ilikuwa mambo mawili: maji mengi, na kukitazama kioo hadi dakika 30. Fikiria dakika 30 kwa kioo kimoja kwenye maabara ambako makohozi ya watu wengine yanangoja foleni, jicho likisogezwa kwa mpango, mstari baada ya mstari, likikataa kuchoka. Sijui kazi nyingine ya mikono inayodai uaminifu wa namna hiyo, kwa kuwa anayeacha baada ya dakika 5 na kuandika "hakuna" hawezi kugunduliwa na mtu yeyote.

Mashine imekuja kusaidia. GeneXpert, ambayo watu wa Kivu wengi waliisikia mara ya kwanza wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, husoma chembe za urithi za bakteria ndani ya katriji, na kwa muda usiofika saa mbili hutoa jibu pamoja na habari ya kama rifampisini itafanya kazi. Katriji mpya, Ultra, ilijaribiwa Mbarara, Uganda, kwa watu wazima 129 wenye virusi vya Ukimwi walioshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba iliwapata asilimia 70 ya wenye ugonjwa, wakati katriji ya zamani na hata kuotesha bakteria vilipata asilimia 43. Ni hatua kubwa, na nafurahi kwamba ushahidi wake umetoka kwa jirani zetu. Bado asilimia 30 hawakuonekana. Jibu la "hakuna" kutoka kwa mashine hiyo halimaanishi mgonjwa hana ugonjwa, na anayelifuata kama amri atawapoteza watu.

Basi daktari yuko peke yake na faili: siku 11 za kuumwa, jicho la kushoto haliendi nje, maji meupe yenye sukari kidogo, hadubini haijaona, mashine haijaona. Nyumbani, mama amekumbuka, yuko shangazi anayekohoa tangu mwaka jana. Kuotesha bakteria kungechukua wiki, na mgonjwa hana wiki. Daktari mwoga ataagiza kipimo kingine. Anayeifahamu kazi hii huanza dawa jioni ile ile, akaandika kwenye faili sababu zake moja baada ya nyingine, ili kesho mwenzake aweze kumpinga kwa hoja akiona tofauti. Uamuzi huo ndio ninaouona kuwa kilele cha ufundi wote. Haujatoka hewani. Umejengwa juu ya ushahidi mdogo mdogo uliokusanywa kwa mikono ya watu watano au sita, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na jibu kamili.

Dawa zenyewe si za siri. Ni zile zile nne za kifua kikuu cha mapafu, zikiwa zimeunganishwa ndani ya kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Mtu wa kilo 48 hupata vidonge 3, wa kilo 60 vidonge 4. Tofauti iko kwenye muda: miezi 2 ya dawa nne na miezi 10 ya mbili, mwaka mzima, maradufu ya mgonjwa wa mapafu. Kwa watoto Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linakubali pia njia ya miezi 6 yenye dozi kubwa zaidi na ethionamidi. Isoniazidi na pirazinamidi huingia vizuri kwenye maji ya ubongo, rifampisini huingia kwa shida. Wengi waliamini kwamba ukiongeza rifampisini na dawa nyingine utaokoa zaidi. Jaribio la Vietnam lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu wazima 817, halikuona tofauti ya vifo. Hata hivyo, deksamethasoni, dawa ya bei nafuu ya kutuliza uvimbe, ilishusha vifo kutoka asilimia 41 hadi 32 katika jaribio la 2004 lililokuwa na watu 545. Kwa wenye virusi vya Ukimwi faida hiyo haikuthibitika: jaribio lililofanywa Vietnam na Indonesia, lililotoka mwaka 2023, halikuiona.

Deksamethasoni ina hesabu yake. Kwa aliyefika akiwa mahututi, wiki ya kwanza ni miligramu 0.4 kwa kila kilo kwa siku, ya pili 0.3, ya tatu 0.2, ya nne 0.1. Kisha vidonge: miligramu 4 kwa siku, wiki inayofuata 3, kisha 2, kisha 1. Wiki 8 za kushuka ngazi. Ikikatwa ghafla, uvimbe unaweza kurudi kwa nguvu. Karatasi iliyobandikwa juu ya kitanda, yenye namba zinazopungua na sahihi ya muuguzi wa kila zamu, ni mojawapo ya vitu vizuri ninavyopenda kuviona wodini.

Na asiyeweza kumeza? Vidonge vinasagwa, vinayeyushwa kwa maji safi, vinapitishwa kwenye mpira wa puani kabla ya uji, mpira unasafishwa usizibe. Kichwa cha kitanda kinainuliwa. Kila saa mbili mgonjwa anageuzwa, upande huu na upande ule, ili mgongo usichubuke. Macho yasiyofumba yanawekewa kitambaa chenye unyevu. Mkojo unapimwa, kwa kuwa chumvi ya mwili inaweza kushuka na kuleta degedege. Sehemu kubwa ya haya hufanywa na ndugu anayemlinda, aliyefundishwa na muuguzi mara moja na kusimamiwa mara nyingi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, lakini kitanda, sindano na chakula mara nyingi hulipiwa, na ndugu huyo huyo ndiye anayezitafuta pesa.

Wiki ya tatu inaweza kuleta mtihani. Mgonjwa aliyeanza kuongea ananyamaza tena. Je, dawa imeshindwa? Je, ini limechoka na dawa? Je, ni mwili wenyewe unaopigana na mabaki ya bakteria waliokufa, au maji yamejaa kichwani? Kila jibu lina tiba yake, na la mwisho hudai mpasuaji. Afrika Mashariki ina mahali penye sifa kwa kazi hiyo, Hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambako watoto wengi wenye maji kichwani kutokana na maambukizi wametibiwa. Kutoka Goma, Mbale ni mbali, na mipaka na pesa huifanya iwe mbali zaidi.

Ila mtihani mkubwa wa Goma ni ule mwaka mmoja wenyewe. Miezi 12 ya kumeza dawa kila siku inataka mji unaotulia, na mji huu hautulii. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati yake. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya wakazi waliamriwa kuhama, wakaelekea Sake, Minova na Rwanda. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, hospitali ya CBCA Ndosho na nyinginezo zikajaa majeruhi, uwanja wa ndege ukafungwa. Februari, kambi za wakimbizi za Bulengo na Lushagala zilivunjwa na watu wakatawanyika ndani ya siku chache. Mwezi huo huo msaada wa Marekani, uliokuwa ukibeba sehemu ya kazi ya afya, ulikuwa umesimamishwa. Mtu aliyekuwa mwezi wa tano wa tiba, anayejisikia mzima na asiyekumbuka vizuri kwa sababu ubongo wake ulijeruhiwa, atakumbukaje vidonge siku ya kukimbia?

Atakumbushwa. Kituo kinachotibu kifua kikuu kina daftari, na ndani yake jina, kilo, mwezi wa tiba na namba ya simu ya jirani. Muuguzi anayejua mji wake huandika namba mbili, siyo moja, na kijiji cha asili pia, kwa kuwa huko ndiko watu hukimbilia. Akisikia harufu ya vita anawapa wagonjwa wake dawa za mwezi mzima pamoja na karatasi inayoeleza wamefika wapi, ili muuguzi wa Masisi au Rutshuru aendelee bila kuanza upya. Wahudumu wa kujitolea wa mitaani hutembea juu ya mawe ya lava, nyumba kwa nyumba, wakiulizia waliokosa kuja. Kila mwezi mgonjwa anapimwa uzito upya, na mtoto aliyeongezeka kilo anaongezewa dozi. Kosa dogo la kusahau mizani humwacha na dawa ya mtoto aliyekuwa mgonjwa, wakati amekwisha kukua.

Watoto ndio ugonjwa huu unaowatafuta zaidi, hasa walio chini ya miaka 5. Chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1921, haizuii kifua kikuu cha mapafu cha watu wazima kwa uhakika, lakini huwakinga wadogo na kile cha ubongo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo muuguzi hutazama kovu kwenye mkono wa mtoto, kisha hutazama waliomleta. Mtoto mdogo hapati kifua kikuu mbali. Hukipata kwa mtu anayelala naye nyumba moja. Shangazi yule anayekohoa anapewa kikopo cha makohozi siku hiyo hiyo, na wadogo wa mgonjwa wanapangiwa kuja kesho yake wapimwe. Aliye na ugonjwa ataanza tiba, na asiye nao atapewa dawa ya kinga, hata kama anacheza na hana dalili yoyote. Mama huuliza mbona mtoto mzima anapewa dawa. Muuguzi huvuta kiti akaeleza tangu mwanzo.